Spesa za Magurudumu: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kuzifunga

Wamiliki na madereva wa magari yanayotumia barabara za Tabora na mikoa ya magharibi wanapaswa kufahamu kuwa spesa za magurudumu haziongezi uwezo wa gari kubeba mzigo. Spesa isiyolingana na gari, au iliyofungwa bila vipimo, inaweza kusababisha bolti kukatika na gurudumu kuchomoka gari likiwa katika mwendo.

Spesa ni bamba nene la chuma au alumini linalowekwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu upande wa nje. Spesa yenye unene wa milimita 30 ikifungwa kila upande, upana kati ya magurudumu mawili ya ekseli huongezeka kwa milimita 60.

Katika karne ya 19, njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora ilitumiwa na misafara ya wapagazi, ambao kwa kawaida kila mmoja alibeba takriban kilo 30. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo sehemu kubwa ya abiria na mizigo husafiri kwa magari, na barabara nyingi zinazoingia vijijini na kwenye mashamba ya tumbaku huwa na mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua.

Hali hiyo huwafanya baadhi ya wamiliki kufunga spesa ili gari litulie zaidi, au ili tairi pana lisiguse sehemu za ndani. Kwa baadhi ya magari ipo sababu ya kiufundi. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya V8, zilizoanza kutolewa mwaka 2007, zina magurudumu ya mbele yaliyotanuka kuliko ya nyuma kwa takriban milimita 95, hivyo katika mchanga magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele.

Hata hivyo, kadiri gurudumu linavyosogea nje, ndivyo mzigo uleule unavyozilemea zaidi beringi na bolti za habu. Usukani unaweza kuwa mzito, na tairi linalotokeza nje ya bodi hurusha mawe kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli.

Kuchagua spesa

Idadi ya bolti na nafasi kati yake lazima zilingane na za gari. Toyota IST ya toleo la kwanza, kwa mfano, ina bolti 4 zilizopangwa katika duara la milimita 100, ilhali Land Cruiser za mfululizo wa 70 za miaka ya karibuni zina bolti 5 katika duara la milimita 150. Tundu la katikati la spesa nalo lishike habu barabara, bila kucheza.

Spesa nyembamba isiyo na bolti zake hupunguza meno yanayoshikwa na nati. Kwa bolti yenye unene wa milimita 12 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya jino na jino, nati inapaswa kuzunguka walau mara 8 kabla ya kukaza. Ikizunguka pungufu ya hapo, spesa hiyo isitumike. Vilevile, spesa mbili zisipachikwe pamoja kwenye gurudumu moja.

Hatua za kufunga

1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono na uweke vizuizi kwenye magurudumu yatakayobaki chini.

2. Legeza nati kabla ya kupiga jeki, kisha weka stendi imara chini ya gari. Mawe na matofali si mbadala wa stendi.

3. Safisha kutu na mchanga kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya. Usipake grisi kwenye bolti, isipokuwa mtengenezaji wa gari ameelekeza hivyo.

4. Weka spesa na uhakikishe imelala sawasawa bila mwanya. Kaza nati zake kwa kufuata mtindo wa nyota, yaani nati moja kisha ile inayoelekeana nayo.

5. Hakikisha bolti za habu hazitokezi na kuisukuma rimu, kisha funga gurudumu kwa mtindo uleule.

6. Shusha gari na umalizie kukaza kwa spana ya kipimo. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni takriban Newton-meta 103, sawa na uzito wa kilo 21 unaoning'inia mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 50. Magari makubwa yana vipimo tofauti, hivyo kitabu cha gari kifuatwe.

Baada ya kufunga

Nati zikazwe upya kabla ya kutimiza kilometa 100 za kwanza. Kwa gari lililofungwa spesa Tabora mjini, Urambo, ulio umbali wa takriban kilometa 90, ni mahali panapofaa kusimama kwa kazi hiyo. Gurudumu litolewe ili nati za spesa iliyo ndani nazo zikazwe, kwa kuwa kukaza nati za nje pekee hakutoshi. Ukaguzi urudiwe katika kila matengenezo ya kawaida.

Mtetemo mpya kwenye usukani, mlio wa kugonga au kutu inayochuruzika kuzunguka nati ni dalili za hatari. Dereva anayeziona asimame mahali salama, ashushe abiria na kukagua kabla ya kuendelea.

Mnunuzi wa gari lililotumika naye atake magurudumu yatolewe na kukaguliwa, kwani huenda spesa zimo bila yeye kujua. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri, na dereva hana budi kuhakikisha hilo kabla ya kuanza safari.