Ctrl+Z ya shangazi, na nani alitutawala

Kimya kilikuwa kirefu, nilikuwa Songea.

Kwa shangazi, pale Majengo, kuna kompyuta ya mezani ya mtumba, Windows XP, iliyotokea Bujumbura. Kibodi yake ilishakufa, akanunua nyingine mjini. Jioni babu alikuwa anakaa pembeni anasimulia, shangazi anachapa: mambo aliyoyasikia kwa baba yake kuhusu Februari 27, 1906, siku Wajerumani walipowanyonga wapiganaji wa Kingoni hapo Songea, wakati wa vita vya Maji Maji. Daftari hakuna, yote yalikuwa humo kwenye mashine.

Jioni moja herufi zikapata wazimu. Shangazi anaandika Majengo, inatoka ,qjengo. Akafanya ambalo wewe na mimi tungefanya, Ctrl na Z, ili afute makosa. Kompyuta ikamuuliza, usevu mabadiliko? Akadhani inauliza habari ya yale makorokoro, akabofya hapana. Dirisha likafunga na kurasa 4 za jioni ile zikaenda. Babu akasema usijali mwanangu, nitakusimulia tena. Wiki ile ile akaanza kuumwa, na hakuinuka tena.

Baada ya msiba nikaambiwa, wewe mtu wa kompyuta, hebu itazame. Nikapuliza vumbi, nikabonyeza Ctrl na Z mara ishirini, inafanya kazi vizuri tu! Nikaanza kuona aibu. Mpaka vidole vyangu vilipogusa Alt na Shift kwa pamoja bila kukusudia. Kule chini karibu na saa EN ikageuka FR, na a zikaanza kutoka q.

Kumbe mwenye mashine wa kwanza aliacha mpangilio wa Kifaransa ndani, na Alt na Shift ndiyo njia ya Windows ya kuhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Kwa Kifaransa, kitufe chenye alama ya Z kinasomeka W. Na Ctrl+W maana yake funga.

Sasa hapa ndipo historia inapoingia. Z, X, C na V zilipewa kazi ya kurudisha, kukata, kunakili na kubandika kwenye kompyuta ya Apple Lisa mwaka 1983, kazi ambayo Larry Tesler, aliyefariki 2020, alikuwa ameianza huko Xerox. Zilichaguliwa kwa kuwa zimekaa jirani, chini kushoto. Lakini ujirani huo ni wa QWERTY, mpangilio wa Mmarekani Christopher Sholes uliouzwa na Remington kuanzia 1874. Wafaransa na Wabelgiji wanatumia AZERTY, ambamo Z imepanda juu na W imekalia kiti chake. X, C na V hazikuhama. Ndiyo maana kunakili hakukumsumbua shangazi hata siku moja.

Mbelgiji akaitawala Kongo na Burundi, huko wakachapa AZERTY. Sisi tulichukuliwa na Mwingereza, tukapata QWERTY. (Kigoma yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji mpaka 1921, kwa hiyo ilikuwa padogo tu.) Na kama Mjerumani angebaki Songea? Kibodi yake ni QWERTZ, pale chini kushoto pana Y. Ctrl+Y kwenye programu nyingi ni kinyume kabisa: rudia ulichokifuta. Huwa nacheka nikiliwaza hilo, halafu nakumbuka kurasa zenyewe zilikuwa zinamhusu nani.

Wenye mashine za mitumba, ingieni kwenye mipangilio ya lugha mkaondoe kibodi msiyoitumia. Mimi nimeiondoa ile FR. Shangazi sasa anasevu kila mstari, ingawa siku hizi anachapa barua za kikundi chao cha akina mama tu. Faili la babu lina kurasa 11, linaishia pale wafungwa wanapofikishwa bomani.