Yakini Mikononi mwa Mwenye Dola

Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alimwandikia liwali wake wa Baghdad akimwamuru awahoji makadhi na wanazuoni wa hadithi juu ya jambo moja: Qurani imeumbwa, au ni neno la Mungu lisilo na mwanzo? Kadhi asiyekiri kwamba imeumbwa hakustahili kuaminiwa katika kazi yake, na ushahidi wa asiyekiri hivyo haukupaswa kupokelewa. Khalifa alifariki mwaka huohuo, lakini mtihani wake, ulioitwa mihna, uliendelea chini ya warithi wake, al-Mu'tasim na al-Wathiq. Ahmad bin Hanbal, mwanazuoni wa hadithi aliyekataa kukiri, alifungwa, kisha akachapwa mijeledi.

Tumezoea kusema kwamba ukali wa dini huzaliwa na ujinga. Mihna inatukatalia. Fundisho lililolazimishwa lilikuwa la Mu'tazila, watu wa akili na hoja, na hoja yao haikuwa nyepesi: ikiwa Qurani ni ya milele, basi kando ya Mungu kipo kingine cha milele, na tauhidi imetiwa doa. Waliona wanautetea umoja wa Mungu. Al-Ma'mun naye alikuwa mlezi wa wanafalsafa na wafasiri wa vitabu vya Wayunani. Katika barua zake aliwalaumu watu wa kawaida kwa kukosa tafakuri. Yakini yake ilitoka maktabani. Ndiyo maana siamini kwamba elimu peke yake humfanya mtu kuwa mnyenyekevu mbele ya Mungu. Mara nyingine humpa ujasiri zaidi wa kuwashurutisha wenzake.

Basi unyenyekevu tuutafute wapi? Wengi huutafuta katika shaka, kana kwamba mnyenyekevu ni yule asiye na hakika na lolote. Naona hapo tunapotea. Unyenyekevu wa kidini hupimwa kwa kile mwenye yakini anachokataa kuwafanyia wengine ilhali uwezo anao.

Chukua mfano wa Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795. Riwaya husimulia kwamba khalifa wa Bani Abbas, na wapokezi wanahitilafiana ni yupi, alitaka kukifanya kitabu chake Malik, Muwatta, kuwa sheria ya dola nzima. Malik alikataa. Masahaba wa Mtume walitawanyika katika miji mbalimbali, alisema, na kila mji ulikwisha kupokea elimu yake. Kazi ya miaka mingi ya mtu huyu iliwekewa upanga wa dola nyuma yake, naye akaomba upanga uondolewe. Wala hakuwa mlegevu. Alipoulizwa Mungu yuko juu ya Arshi kwa namna gani, alijibu kwamba namna hiyo haifikiwi na akili, kwamba kuliamini jambo lenyewe ni wajibu, na kwamba kulihoji ni uzushi. Kisha akaamuru muulizaji atolewe nje. Mpaka wa ujuzi wake aliulinda kwa ukali uleule alioulindia ujuzi wenyewe.

Mwanafunzi wake, al-Shafi'i, ndiye imamu wa madhehebu yaliyoenea pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alipohamia Misri alibadilisha baadhi ya rai alizokuwa amezitoa Iraki, na wafuasi wake hawakuona haya kulihifadhi hilo. Minhaji ya al-Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana Unguja, Lamu na Mombasa, huitaja kauli mpya ya imamu na ile ya kale, hutenganisha kauli zake na rai za wanafunzi wake, na hutumia neno maalumu kuonyesha ipi ina nguvu na ipi ni dhaifu. Kijana aliyekaa mbele ya sheikh wake barazani alisoma hukumu pamoja na historia ya kuhitilafiana juu yake.

Nitajibiwa kwamba hayo ni mambo ya fikihi, matawi tu. Katika misingi, katika sifa za Mungu, hakuna nafasi ya kauli mbili. Lakini mihna ilihusu sifa ya Mungu, usemi wake, na hapo ndipo damu ilipomwagika. Kadiri jambo linavyomhusu Mungu mwenyewe, ndivyo lilivyo mbali zaidi na macho yetu, na ndivyo mwenye dola anavyopaswa kuuzuia mkono wake.

Ahmad mwenyewe ananipa ushahidi ulio mgumu kuupuuza. Yakini yake haikupungua hata chembe, gerezani wala nje. Chini ya al-Wathiq walimjia watu waliotaka kuasi, akawazuia. Khalifa aliyefuata, al-Mutawakkil, alipoikomesha mihna na upepo kugeuka upande wake, baraza la khalifa lilimtafuta kwa heshima na zawadi. Alijitenga nalo kadiri alivyoweza. Naye alimsamehe al-Mu'tasim, ambaye kwa amri yake alichapwa.