Fainali Iliyokosa Bingwa: Stori ya Hoki ya Barafuni, 1919

Najua wengi wetu barafu tunaijua ya kwenye friji tu. Lakini kama unakumbuka 2020 ligi zilivyosimama kwa ajili ya korona, hii stori utaielewa fasta.

Mwaka 1919 ligi ya NHL, ambayo leo ina mahela ya kufa mtu, ilikuwa msimu wake wa pili. Ilikuwa na timu tatu, basi. Toronto, mabingwa watetezi, wakajitoa Februari. Wakabaki Montreal Canadiens na Ottawa. Canadiens wakashinda, wakapanda treni toka Kanada hadi Seattle, Marekani, kugombea Kombe la Stanley na wababe wa ligi ya pwani ya Pasifiki, Seattle Metropolitans.

Sasa vituko. Ligi hizi mbili hazikuwa na sheria moja: Mashariki walicheza sita kila upande, Magharibi saba. Wakakubaliana kupokezana. Mechi ya kwanza, sheria za Magharibi, Seattle 7-0. Ya pili, sheria za Mashariki, Canadiens 4-2, na mabao yote manne kafunga jamaa mmoja, Newsy Lalonde. Ya tatu Seattle tena, 7-2. Na hapo walikuwa bila mfungaji wao Bernie Morris, aliyeshikiliwa na jeshi kwa kesi ya kukwepa kuandikishwa.

Ya nne iliisha 0-0 hata baada ya dakika 20 za nyongeza. Ya tano Canadiens walikuwa nyuma 3-0, wakarudisha zote, wakashinda 4-3 kwenye nyongeza. Ngoma droo: mbili kwa mbili, sare moja.

Ila ndani ya mechi hiyo beki wa Canadiens, Joe Hall, alishindwa kuendelea akatoka. Huyu mtu alikuwa mkorofi mpaka wakambatiza Bad Joe. Sio wa kutoka uwanjani kirahisi hata kidogo.

Kumbe ni ile homa ya mafua iliyoua makumi ya mamilioni ya watu duniani, na huku kwetu Afrika Mashariki pia ilipita. Ikawabana wachezaji watano wa Canadiens pamoja na bosi wao, George Kennedy. Mechi ya mwisho ilipangwa Aprili 1. Ikafutwa saa chache kabla.

Kennedy, hana watu wa kupeleka uwanjani, akasema basi chukueni kombe. Kocha wa Seattle, Pete Muldoon, akakataa: hawezi kubeba kombe kwa sababu wapinzani wako kitandani. Kwangu mimi huyo ndiye mtu wa msimu ule. Fikiria, kombe liko mkononi kabisa na hakuna ambaye angemlaumu. Wangapi leo wangelikataa?

Aprili 5 Joe Hall akafariki hapo hapo Seattle, mapafu yameshambuliwa. Wenzake walipona. Kennedy alitoka hospitali ila afya haikurudi tena, akafariki 1921, na mjane wake akaiuza Canadiens kwa dola 11,000.

Kwenye kombe, mwaka 1919 umeandikwa majina ya timu zote mbili, na chini yake kwamba mechi hazikumalizika.