Babu Asiwe Mdogo

Mambo haya nilianza kuyachimba kwa sababu ya babu yangu. Alifariki mwaka jana hapa Pangani. Kwenye simu yangu alibaki sekunde 6 tu: amekaa barazani, anainua mkono, anapunga. Shangazi yuko Muscat na macho yake si mazuri. Akaniomba, "Mwanangu, nitumie nimwone baba."

Nikaigeuza kuwa picha ya GIF, ile inayocheza yenyewe na kujirudia. Loo! Megabaiti 18. Bando likaisha, picha haikufika. Fundi mmoja akanipunguzia, ikaenda, ila babu akawa mdogo kama stempu. Shangazi akapiga simu: "Naona mtu, lakini sioni kama ni baba."

Nikachoka. Hivi mzigo hauwezi kupungua bila picha kusinyaa? Kumbe swali hili ni la zamani, na liliwahi kuulizwa mkoani kwetu Tanga.

Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Majumba ya sinema ya mijini yalitumia mkanda wa milimita 35. Wao wakachagua wa milimita 16. Futi moja ya mkanda mpana hubeba picha 16. Futi moja ya ule mwembamba hubeba picha 40. Kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, dakika moja ya sinema hula futi 90 za mkanda mpana, lakini futi 36 tu za mwembamba. Sauti wakaiweka kando, kwenye santuri. Vyote vikapakiwa kwenye lori, na huko vijijini taa ya projekta ikawakuza watu upya kwenye kitambaa cheupe.

Lakini tusidanganyane. Baadhi ya filamu zile zilihimiza watu walipe kodi na waweke akiba posta. Mkanda ulikuwa mwepesi, ila ujumbe ulikuwa wa mkoloni. Anayepunguza ndiye anayechagua kinachobaki.

Nusu karne baadaye, swali lilelile likaulizwa Marekani kwa upande wa kompyuta. Wakati huo picha zilipita kwenye waya wa simu. Kwa modemu ya biti 2400 kwa sekunde, kilobaiti 30 zilihitaji sekunde 100. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe, kwa kazi ya Steve Wilhite na wenzake, ikatoa GIF. Rangi hazizidi 256, na nukta zinazojirudia haziandikwi tena moja moja, hutajwa kwa kifupi. Toleo la 1989 likaongeza nukta za uwazi, zinazoacha picha ya chini ionekane, na muda wa kila picha kukaa machoni.

Hapo ndipo nilipopata dawa. Siku ile simu niliiegemeza kwenye birika, haikutikisika. Kwa hiyo ukuta wa baraza hausogei. Sasa wa nini kuuchora mara 90? Nikauacha kwenye picha ya kwanza. Katika zilizofuata nikabakiza palipocheza tu: mkono, bega, uso. Kwingine kote nikaweka uwazi. Kisha nikatoa picha moja katika kila mbili, zikabaki 45, na kila moja nikaiongezea muda mara mbili, babu asije akapunga kama anafukuza nyuki. Rangi nikazishusha hadi 64. Nilijaribu 16, uso ukawa mabaka, nikarudi. Upana na urefu sikugusa.

Megabaiti 3. Si mchezo!

Usiku Shangazi akapiga. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Kofia yake ileile."

Wenzangu mnaoandika, kila siku tunaambiwa tufupishe. Sawa, tufupishe. Lakini tuanze na ukuta. Mtu tumwache na ukubwa wake.