UAGUZI NA UTABIRI (Meru na Embu)

Uaguzi ni elimu ya kufumbua mambo ya ghaibu, yawe yaliyopita, kama asili ya maradhi au msiba, yawe yatakayokuja. Nao utabiri, ingawa aghalabu huchanganywa na uaguzi, huelekea yajayo peke yake. Pwani, mpiga ramli huchora nukta mchangani na mnajimu hutazama nyota; lakini katika nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kazi hizo zimegawanyika kwa namna nyingine.

Wameru humwita *muroria* yule atabiriye, na *muga* yule aaguaye, atibuye na kuondoa laana. Ilhali kwa Waembu, kama kwa jirani zao Wambeere na Wakikuyu, mwaguzi ni *mundu mugo*, ambaye humwaga mbegu kutoka kibuyuni, akazihesabu, na kwa hesabu hiyo akatoa jawabu.

Mbali na hao alikuwapo mwenye cheo cha Mugwe kwa Wameru, ambaye mkono wake wa kushoto, uliositiriwa ndani ya vazi, ulisadikiwa kuwa ndio wenye baraka. Padri Bernardo Bernardi, Mtaliano, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1959, alimwita nabii. Walakini, kwa kuwa kazi kubwa ya Mugwe ilikuwa kubariki watu na marika yao, wala si kubashiri, jina hilo, ambalo Waislamu na Wakristo hulifahamu kwa maana ya mpokea wahyi, lapasa kutumiwa kwa hadhari.