Kitabu Kipo, Mimi: Historia Fupi ya Neno "May" la Kitagalogi

Wapo wanaodhani kwamba lugha isiyo na kitenzi kama tener cha Kihispania, yaani kitenzi cha mtu kuwa na kitu, ni lugha ya watu wasiojua mali. Hebu tuipime dhana hiyo kwa Kitagalogi, lugha ya Manila na majimbo yanayoizunguka huko Ufilipino.

Tuanze na neno lenyewe. May libro sa mesa maana yake ni "kuna kitabu mezani". May libro ako ni "nina kitabu". Umeona? Neno ni lilelile, may. Ukiitafsiri sentensi ya pili neno kwa neno unapata "kipo kitabu, mimi". Kwanza kitu kinatangazwa kuwa kipo, halafu mtu anatajwa pembeni yake. Kinyume chake nacho ni kimoja tu, wala: hakuna, sina, hayupo. Kwenye mazungumzo ya kila siku utasikia zaidi meron, kifupi cha mayroon, ambalo ni may lililoungana na doon, yaani "kule".

Msomaji wa Kiswahili asikimbilie kushangaa. Sisi wenyewe tunasema nina, "mimi na", kama mtu anayefuatana na kitu chake. Na tunaposema mezani kuna kitabu, mahali penyewe ndipo panapofuatana na kitabu. Kwetu kuwepo kumevaa nguo ya kuwa na. Kwao kuwa na kumevaa nguo ya kuwepo.

Sasa tuje kwenye mali. Mwaka 1589 mtawa Mfransisko Juan de Plasencia aliandika taarifa kuhusu desturi za Watagalogi. Humo anaeleza makundi mawili ya watu walioitwa alipin, jina ambalo Wahispania walilitafsiri kuwa watumwa. Alipin namamahay, jina linalotokana na bahay, nyumba, alikuwa na nyumba yake na mali yake, na hakuuzwa. Alipin sa gigilid aliishi kwa bwana wake, na huyu aliweza kuuzwa. Basi hawa hawakuwa watu wasiojua "changu" na "chako". Walijua mpaka kumiliki binadamu, na walipima kwa makini nani anamilikiwa kiasi gani. Kukosa kitenzi hakukuwafanya wapole kuliko wengine, wala hakukuwafanya wajinga.

Tena lugha yenyewe inatenganisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. Akin ang pera: pesa ni yangu. Nasa akin ang pera: pesa ziko kwangu, ila huenda ni za jirani. May pera ako: nina pesa, bila kusema zipi. Aliyewahi kutunza fedha za kikundi anajua kwamba tofauti ya sentensi hizo mbili za mwanzo inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Na mmiliki? Huyo ni may-ari, mwenye mali. Ndani yake tunalikuta may tena.

Mwaka 1610, huko Bataan, vilichapishwa vitabu viwili vilivyotazamana. Kimoja kilikuwa sarufi ya Kitagalogi ya mtawa Mdominiko Francisco Blancas de San José, ya kuwasaidia mapadri kuijua lugha ya wenyeji. Cha pili kiliandikwa na Tomás Pinpin, mpiga chapa Mtagalogi, kuwafundisha wenzake Kihispania. Kila upande ulikuwa ukichungulia nyumba ya mwenzake.

Nani alichukua nini? Tazama tena mfano wetu wa kwanza. Libro ni neno la Kihispania. Mesa pia. Zaidi ya karne tatu za utawala, tangu 1565 hadi 1898, ziliijaza lugha maneno ya kigeni, lakini fremu inayoyabeba ilibaki may. Wageni walipewa viti, nyumba haikubomolewa.

Ushahidi mtamu zaidi uko Zamboanga, kusini, wanakozungumza Kichavacano, lugha iliyozaliwa kwa kuchanganyika na Kihispania. Hapo tiene, "ana" ya Wahispania, iliingia kweli. Lakini angalia ilivyofanywa: Wachavacano huitumia kusema "nina" na kuitumia vilevile kusema "kuna". Kitenzi cha mtawala kilikubaliwa kwa masharti, kikapewa kazi zote mbili za may.

Leo kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo, jogoo anayepewa nafasi kubwa ya kushinda huitwa meron na mpinzani wake wala. Kipo na hakipo wanaingia ulingoni, na watu wanaweka pesa.

Na mtu akifariki, Mtagalogi husema wala na siya: hayupo tena.  Kiswahili kinasema "hatunaye tena". Sisi tunataja tulichopoteza, wao wanataja nafasi iliyobaki wazi, na msiba ni uleule. Kwa hiyo unapotaka kujua watu wanathamini nini, usihesabu vitenzi vyao. Sikiliza wanavyosema kimepotea.