Sekunde 3 za Munich: Taimauti Iliyochelewa

Vijana wenzangu, mechi za basketi hapa Masese zina ugomvi mmoja usioisha: "Kocha aliomba taimauti, meza imemnyima!" Ugomvi huo ulishafika hadi fainali ya Olimpiki.

Ilikuwa Munich, Ujerumani, Septemba 1972, michezo ileile ambayo Mganda John Akii-Bua alichukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi. (Mwaka 1979 yeye naye akawa mkimbizi Kenya.) Fainali ya basketi ilikuwa Marekani na Umoja wa Kisovieti. Marekani walikuwa hawajafungwa hata mechi moja tangu basketi iingie Olimpiki mwaka 1936.

Zimebaki sekunde 3, Wasovieti wako mbele 49-48. Doug Collins wa Marekani anachezewa faulo, anapewa mitupo miwili, anaingiza yote. 50-49. Lakini kocha wa Wasovieti, Vladimir Kondrashin, alisema aliomba taimauti kabla ya mtupo wa pili. Honi ya meza ililia Collins akiwa tayari ameshika mpira, na mchezo ukaendelea. Benchi la Wasovieti likakimbilia mezani. Refa akasimamisha mchezo, saa inaonyesha sekunde 1.

Sasa hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, akashuka kutoka jukwaani na kuamuru sekunde 3 zirudishwe. Kanuni hazikumpa mamlaka hayo. Mpira ukarushwa kabla saa haijawekwa sawa, honi ikalia, Wamarekani wakaanza kushangilia. Wakaambiwa bado, rudieni. Mara ya tatu Ivan Edeshko akarusha mpira uwanja mzima, Alexander Belov akaudaka na kufunga. 51-50.

Marekani wakakata rufaa. Jopo la watu 5 likapiga kura, wakashindwa 3 kwa 2, na wengi wakaamini ni siasa tu. Wachezaji wote 12 walikataa medali za fedha. Mpaka leo hawajazichukua.

Mimi naona hivi: kama kocha aliomba kwa wakati, alistahili kusikilizwa. Kosa la meza lingeweza kurekebishwa. Kilichoharibu ni kwamba aliyerekebisha hakuwa na kazi hiyo, na hakuna aliyeelewa kinachoendelea. Sisi wakimbizi tunalijua hili kwenye foleni. Mkubwa akija akapanga upya kwa mdomo tu, hata aliyepata haki yake anaonekana mwizi.

Siku hizi kanuni za FIBA ziko wazi. Taimauti ni 2 nusu ya kwanza na 3 nusu ya pili, dakika 1 kila moja. Kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza anatazamana macho kwa macho na mwandishi wa meza, au anakwenda mezani, na kuomba waziwazi kwa ishara ya mikono. Kupiga kelele kutoka kwenye benchi si kuomba. Timu isiyoridhika, nahodha anasaini karatasi ya mechi kuonyesha wanapinga.

Kwa hiyo kwenye mechi zetu tufanye hivi: meza ikikosea, refa asimamishe mchezo, aite makocha wote wawili, aseme kosa ni lipi na saa inarudi wapi, ndipo mpira uchezwe. Na mgeni wa heshima, hata awe bosi wa shirika gani, abaki kwenye kiti chake. Mtu anaweza kukubali kufungwa, lakini kuonewa hasahau.

Nyinyi mnaonaje?